Mambo Msiige

Mambo Msiige ni jengo la kihistoria lililopo Shangani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kisiwani Unguja (Tanzania). Lilijengwa na Mwarabu tajiri kati ya miaka 1847 na 1850. Pamoja na historia yake ndefu, linajulikana kwa simulizi ya kutisha: inasemekana kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta zake.

Jina

Jina hili ni sentensi fupi ya Kiswahili. "Msiige" ni kitenzi "iga" katika hali ya kukataza, kikielekezwa kwa watu wengi. Maana yake ni kwamba mambo haya yatazameni tu, msiyaige. Kwa kawaida hufasiriwa kama majigambo ya mwenye nyumba, aliyetaka watu wajue kwamba hakuna awezaye kujenga kama yeye. Kwa anayeijua simulizi ya watumwa, maneno hayohayo husikika kama onyo.

Historia

Jengo lilisimamishwa wakati wa utawala wa Seyyid Said bin Sultan (aliyefariki mwaka 1856), katika miaka ambayo utajiri wa Unguja ulitegemea karafuu, pembe za ndovu na watumwa.

Kuanzia mwaka 1864 hadi 1874 lilikuwa makao ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyoanzishwa kwa msaada wa vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Misheni hiyo ilipinga biashara ya watumwa. Mmoja wa wamisionari wake alikuwa Edward Steere, aliyekusanya hadithi za Kiswahili mjini Zanzibar na kuzichapisha mwaka 1870.

Kuanzia mwaka 1874 hadi 1913 jengo lilikuwa ubalozi mdogo wa Uingereza. John Kirk, balozi aliyemshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa tarehe 5 Juni 1873, alifanya kazi humo. Baadaye lilikuwa hospitali ya Wazungu (1918–1924), kisha ofisi za serikali. Tangu mwaka 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt.

Simulizi

Simulizi ina sehemu mbili. Ya kwanza husema kwamba chokaa ya ujenzi ilichanganywa na mayai mengi ili kuta ziwe imara. Ya pili husema kwamba watumwa walizikwa hai ukutani kwa sababu hiyohiyo.

Sehemu zote mbili zinafanana na simulizi za nchi nyingine. Mayai husimuliwa pia kuhusu Daraja la Charles mjini Praha. Kuhusu ngome ya Rozafa nchini Albania na daraja la Arta nchini Ugiriki, husimuliwa kwamba mwanamke alizikwa hai ili ujenzi usibomoke. Ngome ya Maruoka nchini Japani ina simulizi kama hiyo.

Katika pwani ya Waswahili kuna desturi inayosaidia simulizi hii kuaminika, nayo ni kafara. Mtu anapoanza kujenga, huweza kuchinja mnyama na kusomesha dua ili nyumba iwe salama. Simulizi ya Mambo Msiige huchukua desturi hiyo na kumweka binadamu mahali pa mbuzi.

Nyumba yenye wenyewe

Huko Zanzibar nyumba inayoogopwa husemwa kuwa "ina wenyewe". Wenyewe hao si lazima wawe roho za wafu. Mara nyingi ni majini, viumbe wanaotajwa katika Kurani, ambao hudhaniwa kupenda nyumba zilizohamwa. Watu huwakabili kwa kufukiza ubani na kusoma Kurani. Mzimu ni tofauti: ni roho ya aliyekufa, na pia mahali pa kuitambikia.

Ujenzi wa kale huchangia hofu hiyo. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari za boriti za mikoko. Kuta hizo hufyonza maji ya mvua na unyevu wa bahari, zikatoa madoa na kubanduka. Boriti zilizoliwa na mchwa hulia usiku, na popo hukaa katika vyumba vitupu.

Umuhimu wa simulizi

Simulizi hii hupokewa kwa mdomo, na haipaswi kusomwa kama ripoti ya ujenzi. Hata hivyo imebeba jambo la kweli. Utajiri uliojenga Mji Mkongwe ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi na biashara ya watumwa. Majina ya masultani, mabalozi na maaskofu yamehifadhiwa katika vitabu. Ya watumwa wengi hayakuandikwa popote. Kusema kwamba wamo ndani ya kuta ni njia mojawapo ya kuwakumbuka.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Simulizi inapotolewa kwa wageni kama kitisho cha usiku tu, kumbukumbu hiyo hupotea, na watumwa husahaulika kwa mara ya pili.