Kupanga Umeme wa Miaka 20 Ijayo

Kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, Wakenya huwasha taa, televisheni na pasi karibu kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa 2025, mahitaji ya saa hizo yalivuka megawati 2,300. Usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu. Tofauti hiyo ndiyo kitendawili kikuu cha wapangaji wa umeme, kwa sababu umeme mwingi hutumika papo hapo unapozalishwa.

Kenya ina mpango wa taifa wa kuzalisha umeme kwa gharama nafuu, unaotazama miaka 20 mbele. Wataalamu hukadiria watu wangapi wataunganishwa, viwanda vingapi vitajengwa na uchumi utakua kwa kasi gani. Kisha hulinganisha vyanzo. Kuchimba visima vya jotoardhi Olkaria, vingine vikishuka karibu kilomita tatu ardhini, hugharimu fedha nyingi mwanzoni, lakini mvuke unaotoka humo hauagizwi kutoka ng'ambo. Mtambo wa dizeli ni rahisi kuujenga, ila kila saa unapowaka unakula mafuta ya kununua. Kwa hiyo jotoardhi hufaa kuendeshwa usiku na mchana, na dizeli hubaki ya kuokoa jahazi saa za kilele.

Mpangaji hukumbuka pia mwaka wa kiangazi. Mabwawa ya Mto Tana, likiwemo Masinga ambalo ndilo ghala kuu la maji ya mitambo iliyo chini yake, yalipungukiwa vibaya katika ukame wa 1999 na 2000. Taifa lililotegemea maji kwa sehemu kubwa likaingia kwenye mgao mkali wa umeme. Funzo lilikuwa wazi: usihesabu mto kwa mvua za mwaka mzuri. Mwaka 2014 mitambo mipya ya megawati 280 iliongezwa Olkaria, na leo jotoardhi ndiyo inayoongoza kwa uzalishaji nchini.

Hata hivyo, ziada nayo ina bei. Mwaka 2013 serikali ilitangaza kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40, wakati kilele cha mahitaji hakijafika hata 1,500. Mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, wa megawati 1,050, ulikuwa sehemu ya ndoto hiyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahitaji hayakukua kwa kasi iliyotabiriwa. Mtambo huo ungejengwa, mteja angeulipia hata ukikaa bure, maana mikataba mingi ya umeme hudai malipo ya uwezo wa mtambo, utumike usitumike. Tayari zipo saa za usiku ambapo mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji.

Kosa jingine huonekana karibu na Ziwa Turkana. Mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilikamilika Loiyangalani mwaka 2017. Upepo ulivuma, mapanga yalikuwa tayari, lakini laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa imekwisha. Mizozo ya ardhi na kufilisika kwa mkandarasi kutoka Hispania viliichelewesha hadi Septemba 2018. Fidia ya umeme ambao haukumfikia mtu yeyote iligharimu mabilioni ya shilingi. Mtambo na laini yake ni mradi mmoja, na lazima vipangwe pamoja.

Mpango mzuri, basi, haupimwi kwa wingi wa megawati. Unapimwa kwa saa mbili za jioni, kwa mwaka wa ukame na kwa bili ya mwisho wa mwezi. Huandaa makadirio ya chini, ya kati na ya juu, na hurekebishwa mara kwa mara kadiri hali inavyobadilika.

Sheria ya Nishati ya 2019 inazitaka kaunti nazo ziandae mipango yao ya nishati. Mkutano wa maoni ukiitishwa kwenu, nenda, na uulize maswali matatu: umeme huu utatumiwa saa ngapi, laini yake iko wapi, na nani atalipa usipotumika? Bili hiyo utailipa kwa miaka mingi, nawe una haki ya kuijua kabla mkataba haujatiwa saini.