Pedi laini inayogeuka ngumu ukianguka: Je, jaketi yako ya nduthi inayo?

Simama kwenye stage yoyote ya bodaboda Nakuru saa kumi na mbili asubuhi, iwe Free Area, Pipeline au Kaptembwa, na utaona majaketi. Mazito, mengi ya mitumba, yamefungwa zipu hadi shingoni, na juu yake reflekta. Baridi ya asubuhi huku si mchezo, na anayeelekea Molo anajua itazidi mbele ya safari. Waulize vijana hapo jaketi ni ya kazi gani. Wengi watakwambia upepo, baridi na mvua.

Kuanguka hakutajwi sana, ingawa ndiyo hofu ya kila mmoja.

Hata hivyo, baadhi ya majaketi yanayofika sokoni kwa mitumba yalishonwa mahsusi kwa waendesha pikipiki. Ukibonyeza kiwiko au bega la jaketi kama hiyo, unaweza kukuta kitu laini, kizito kidogo kama mpira, chenye umbo la kikombe kinachokumbatia kiungo. Hiyo ni pedi ya kinga. Ukiikunja kwa mkono inakunjika bila shida. Ukiigonga kwa nyundo, inakataa.

Inawezekanaje kitu kimoja kiwe laini na kigumu?

Jaribu jikoni

Nunua pakiti ya konflawa, ule unga mweupe laini wa kukolezea supu. Usitumie unga wa ugali, hautafaulu. Changanya vikombe viwili vya konflawa na kikombe kimoja cha maji. Tumbukiza kidole polepole na kitazama kama kwenye uji. Sasa piga kwa ngumi. Ngumi itagonga kitu kigumu na haitarushia mtu hata tone. Ukiitendea pole, inakuwa pole. Ukiishambulia, inakaza.

Pedi hizi zinafuata tabia hiyo hiyo, ila kwa kemia tofauti. Mojawapo ya zile zinazojulikana zaidi ni D3O, iliyobuniwa na mhandisi Mwingereza Richard Palmer, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa kuteleza kwenye theluji. Ilipata umaarufu mwaka wa 2006, pale wanariadha wa kuteleza theluji walipoivaa ndani ya mavazi yao kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mjini Turin, Italia. Baadaye ikaingia kwenye mavazi ya pikipiki, na kampuni nyingine zikatengeneza za kwao.

Ndani ya malighafi yake kuna minyororo mirefu ya silikoni iliyoshikana kwa viungo vyepesi vya boroni. Ukisogea taratibu, viungo hivyo vinaachiana na kushikana tena, kwa hivyo unakunja mkono bila kuhisi kitu. Kishindo kikija ghafla, havipati muda wa kuachiana. Pedi yote inakaza kwa sekunde chache sana za elfu, inatawanya nguvu, halafu inarudi kuwa laini.

Na kwa nini hilo linasaidia mfupa? Watazame vijana wanaopakia kabichi kwenye lori. Anayedaka juu hasimamishi mikono kama ukuta. Anairudisha nyuma kidogo pamoja na kabichi. Akiidaka kwa mikono iliyokaza, viganja vitamuwaka. Uzito ni ule ule, lakini muda wa kusimama umeongezeka, na nguvu inayofika mkononi imepungua. Pedi inakudakia lami kwa njia hiyo.

Namba ambazo muuzaji hakuelezi

Ulaya ina kipimo cha pedi hizi kinachoitwa EN 1621-1. Maabara huangusha chuma cha kilo 5 kutoka urefu wa mita 1 juu ya pedi, kisha hupima nguvu inayopenya hadi upande wa pili. Pedi ya daraja la 1 inaruhusiwa kupitisha wastani usiozidi kilonyutoni 35. Ya daraja la 2 isizidi 20.

Wengi hudhani daraja la 1 ndilo bora, kama namba moja darasani. Hapana. La 2 ndilo kali zaidi.

Sasa tafsiri namba hizo. Kilonyutoni 35 ni kama uzito wa tani tatu na nusu unaokukandamiza kwa muda mfupi sana. Kilonyutoni 20 ni kama tani mbili. Kwa hivyo hata pedi nzuri inakuachia maumivu. Pedi za mgongo zina kipimo chao, EN 1621-2, na huko masharti ni makali zaidi: daraja la 1 ni kilonyutoni 18, la 2 ni 9.

Tuseme ukweli basi. Hakuna pedi itakayokuokoa ukiingia chini ya trela pale Salgaa. Inakusaidia kwenye ajali zile za kila siku: umeteleza kwenye matope ya Bahati, mbuzi amekatiza ghafla, matatu imekufungia njia ukalala kwa kiwiko na goti.

Walioanguka wanasema nini

Mwaka wa 2011, watafiti nchini Australia wakiongozwa na Liz de Rome walichapisha utafiti kuhusu waendesha pikipiki 212 waliokuwa wamepata ajali. Waliovaa jaketi za pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kulazwa hospitalini kwa takriban asilimia 21 kuliko wale wasiovaa. Kwa suruali za pikipiki, uwezekano ulipungua kwa takriban nusu. Nguo zilipokuwa na pedi, majeraha ya miguu yalipungua kwa takriban asilimia 40.

Utafiti huo haukuficha udhaifu. Pedi hazikuonekana kupunguza mifupa kuvunjika. Na karibu asilimia 30 ya jaketi zenyewe ziliharibika kwenye ajali. Pedi inakulinda dhidi ya michubuko na vidonda vya viungo. Usiahidiwe zaidi ya hapo.

Kuna jambo moja kwenye utafiti huo ambalo kila mtu wa boda anafaa kulisikia. Buti za kawaida, hata zisizo za pikipiki, zilipunguza hatari ya majeraha ya unyayo na kifundo cha mguu kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na viatu vifupi au raba. Angalia miguu ya wenzako stejini leo. Sandali ngapi? Akala ngapi? Kabla hujawaza pedi ya Uingereza, anza na buti.

Ukiwa sokoni

Bonyeza mabega, viwiko na mgongo. Ukikuta sponji nyepesi inayobonyea hadi vidole vikutane, hiyo ni ya kujaza mfuko tu. Jaketi nyingi huuzwa zikiwa na sponji ya namna hiyo mgongoni.

Kisha fungua mfuko wa ndani, toa pedi, usome maandishi yake. Tafuta EN 1621-1 (au EN 1621-2 kwa mgongo), picha ndogo ya mwendesha pikipiki, na namba 1 au 2. Kuna pia herufi: S ni bega, E ni kiwiko, K ni goti, H ni nyonga. Pedi ya K ikiwa kwenye kiwiko, kuna mtu alibadilisha.

Tafuta pia alama za joto. Kwa hiari yao, watengenezaji huweza kupimisha pedi kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ikapata alama ya T-, au kwenye joto la nyuzi 40, ikapata T+. Malighafi za aina hii hubadilika na hali ya hewa: baridi huzikaza, joto huzilegeza. Kwa mtu anayetoka baridi ya Molo asubuhi na kushukia joto la Marigat mchana, hizo herufi si mapambo.

Jaketi ikubane. Kubwa kupita kiasi itazunguka ukianguka, kiwiko kigonge lami huku pedi imekaa pembeni. Ijaribu ukiwa umekaa kama unaendesha, mikono mbele.

Ukipata pedi bila jaketi, si hasara. Huuzwa pia kivyake, na fundi mzuri wa cherehani anaweza kushona mfuko wa ndani kwenye jaketi ngumu au suruali ya jinzi nzito, goti likiwa limekunjwa anapopima. Kumbuka tu kwamba pedi haizuii ngozi kuchunika. Kazi hiyo ni ya kitambaa. Ngozi inastahimili lami. Nailoni nyepesi inaisha mapema.

Ukifua, toa pedi kwanza. Usizianike kwenye jua kali. Zikianza kupasuka, muda wake umekwisha.

Helmeti kwanza

Kanuni za NTSA za mwaka wa 2015 zinataka helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, yako na ya abiria. Za pedi hazisemi lolote. Kwa hivyo askari hatakusimamisha kwa sababu ya kiwiko, na uamuzi unabaki wako. Kama pesa ni za kitu kimoja, nunua helmeti halali na uifunge mkanda. Kisha buti. Kisha glavu. Pedi zifuate, ukianzia magotini.

Jaketi mpya ya Ulaya yenye pedi za daraja la 2 inaweza kumeza mapato ya wiki kadhaa, na hakuna anayekudanganya kwamba hizo pesa zipo tu. Lakini piga hesabu ya upande wa pili pia. Goti likivimba wiki tatu, pikipiki inapewa mtu mwingine, au inalala nyumbani huku mkopo wake ukidai kila siku. Mwenye boda anakula kwa magoti na viwiko vyake.

Leo jioni ukivua jaketi, kabla ya kuitundika, bonyeza kiwiko. Ujue umekuwa ukiendesha na nini.