Kijiko Kipi? Kazi za Alasiri za Familia Moja



Mwezi huu hatutaanza na ugonjwa kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Tutawasimulia habari za familia moja inayokaa jirani na hospitali yetu, baba, mama na watoto wanne, iliyowafundisha watoto wake nyumbani, na mambo waliyoyafanya baada ya vitabu kufungwa.

Mtakumbuka kwamba tarehe 17 Machi 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Kwa muda wa miezi mitatu na zaidi watoto walikuwa nyumbani. Wengi walizurura tu, na sisi katika wodi ya watoto tuliwapokea walioungua uji na walioanguka kutoka mitini.

Familia hii ilijipangia utaratibu. Asubuhi ilikuwa ya masomo: hesabu, Kiswahili na Kiingereza, wakitumia vitabu vya binti mkubwa aliyekuwa darasa la sita. Kuanzia saa tisa alasiri hakuna aliyeshika daftari. Kila juma watoto walipewa kazi moja ya mikono, na Jumamosi jioni waliwaonyesha wazazi walichofanya. Baba ni fundi cherehani, si mwalimu. Alituambia kwamba kukaa bure kwa watoto kulimtia hofu kuliko kusahau hesabu.

Juma la kwanza walitengeneza kibuyu chirizi karibu na choo: dumu la lita 5, kamba, na kijiti cha kukanyaga ili mkono mchafu usiguse dumu. Tundu la maji alilitoboa baba mwenyewe kwa msumari wa moto. Kosa lilikuwa kimo. Walilitundika kwa kimo cha binti mkubwa, na mdogo wa miaka miwili, ambaye ndiye hasa anayekula udongo, hakufikia maji. Ikabidi walishushe. Sabuni waliitia katika soksi kuukuu na kuifunga kwenye mti, maana jogoo wa jirani alikuwa ameshaidonoa. Juma la pili walipanda mchicha katika viroba. Ulikua vizuri, na hatuna la kuongeza.

Katika juma la tatu yule mdogo akaanza kuhara. Mama alikuwa kisimani. Binti akakumbuka somo tulilolitoa sisi wenyewe katika kliniki ya watoto, alipokuwa amembeba mdogo wake mgongoni: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Akachukua kijiko cha kulia wali, akachota chumvi na kilima chake, akachanganya. Mama aliporudi alionja kabla ya kumnywesha mtoto. Akatema. Alisema yalikuwa kama maji ya bahari. Akayamwaga, akamleta mtoto hospitali, akaondoka na pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki. Kabla ya kutoka mlangoni aligeuka na kutuuliza, “Sista, mlisema kijiko. Kijiko kipi?”

Tulinyamaza. Kwa miaka mingi tulikuwa tumesema “kijiko” bila kukionyesha.

Kosa hilo si dogo, wazazi wapendwa. Chumvi ikizidi katika damu ya mtoto huvuta maji kutoka ndani ya mwili, hata katika ubongo, na mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji anaweza kupata degedege na kupoteza maisha. Yule mama aliyeonja alifanya kazi ya muuguzi.

Juma lililofuata kazi ya alasiri ikawa vijiko. Watoto walikusanya vijiko vyote vya nyumbani, wakatafuta na kile cha plastiki kilichokuja na dawa ya maji ya mtoto, ambacho ni mililita 5 kamili, yaani sawa na kijiko cha chai. Waligundua kwamba kijiko cha wali kinachukua vijiko 3 vya chai hata kabla ya kuweka kilima. Kisha wakageukia chupa. Ile waliyokuwa wakiiita “ya lita moja” ilikuwa ya lita moja na nusu! Ili kupata lita moja, kijana wa darasa la tatu alimimina vijiko 200 vya maji, kimoja kimoja. Alipoteza hesabu mara mbili na kuanza upya. Mahali maji yalipofika wakafunga uzi mwekundu wa cherehani. Mwalimu gani angemfundisha mtoto maana ya lita kwa namna hiyo?

Wazo la kuwashirikisha watoto katika afya halikuanzia kwetu. Dakta David Morley, Mwingereza aliyewatibu watoto katika hospitali ya misheni huko Ilesha, Nigeria, alianzisha na Hugh Hawes mpango wa “Mtoto kwa Mtoto” mwaka 1978 mjini London. Morley huyo huyo alieneza kijiko cha plastiki chenye ncha mbili, kubwa ya sukari na ndogo ya chumvi. Alijua kwamba akina mama hawana kosa. Kosa limo katika vijiko.

Lakini tusieleweke vibaya. Hatupendi mtoto wa miaka 12 aachiwe mgonjwa peke yake. Mtoto achanganye, mzazi aonje.

Mjue pia kwamba pakiti ya dukani au ya zahanati ndiyo bora kuliko mchanganyiko wa nyumbani. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita, kwa hiyo someni karatasi yake kwanza. Ukikosa pakiti, tumia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vyote visawazishwe kwa kisu. Onja: chumvi isizidi ile ya machozi. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo kwa kikombe na kijiko, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Vidonge vya zinki apewe kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma: miligramu 20, na 10 kwa aliye chini ya miezi 6.

Mtoto mwenye damu katika choo, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa, aliyelegea au mwenye macho yaliyobonyea aletwe hospitali mara moja, hata usiku. Vivyo hivyo mtoto wa chini ya miezi 6 anayeharisha.

Shule zilipofunguliwa watoto wale walirudi darasani, na ile chupa yenye uzi ikabaki jikoni kwao. Nasi tumebadili somo letu. Siku ya kliniki tunamwomba kila mama aje na kijiko cha nyumbani kwake, tunavipanga mezani na kuvipima vyote kwa kile cha dawa. Mara ya kwanza bibi mmoja alituletea upawa.