Kabla Hujauza Kiwanja Ili Mtoto Awe Rubani

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuzungumze habari za urubani, na hasa habari za wazazi wanaouza mali ili mtoto akasomee kazi hiyo ng'ambo. Jambo lenyewe limenifika mlangoni. Jirani yangu mmoja hapa Mbagala, dereva mstaafu wa malori, aliuza kiwanja chake cha Chamazi, akaongeza na mafao yake yote, akampeleka kijana wake Marekani. Baada ya mwaka na miezi kadhaa kijana akarudi na kadi ndogo ya plastiki inayomtambulisha kuwa rubani wa biashara. Mtaa mzima tulikula pilau siku ile. Huu sasa ni mwaka wa pili, na kijana hajashika usukani wa ndege yoyote hapa nchini. Anamsaidia mama yake dukani.

Shule aliyosoma sitaitaja, kwa sababu haikumwibia mtu. Ilimuuzia kile alichokwenda kununua. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza, kabla ya fedha kutoka, ni kitu gani kitatakiwa huku nyumbani.

Hamu ya wazazi naielewa. Tangu 2016, Air Tanzania ilipoanza kupokea ndege mpya, Q400 kwanza, kisha Boeing 787 na Airbus A220 mwaka 2018, watoto wa Yombo na Kiwalani wanaokulia chini ya ngurumo za ndege wameanza kuamini kuwa na wao wanaweza kukaa pale mbele. Zamani njia ilikuwa moja na ilijulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa na shule yake ya urubani Soroti, Uganda, iliyoanzishwa 1971. Jumuiya ikavunjika 1977, na tangu hapo mwenye nia ya kuruka amekuwa akijitafutia mwenyewe: Nairobi, Afrika Kusini, Addis Ababa, Marekani na kwingineko.

Sasa nieleze jambo ambalo mawakala wa shule hizi hawapendi kulianza nalo. Shule ya urubani haitoi leseni. Shule hufundisha, na leseni hutolewa na serikali ya nchi kupitia mamlaka yake ya anga. Ukisoma Florida, leseni yako ni ya Marekani. Ukisoma pale uwanja wa Wilson, Nairobi, ni ya Kenya. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unataka rubani wa ndege inayovuka mipaka awe na leseni iliyotolewa, au kuidhinishwa, na nchi ilikosajiliwa ndege hiyo. Sheria za ndani za nchi nazo hufuata mkondo huohuo. Siku ukienda kumpokea mgeni, tazama ubavuni mwa ndege. Herufi 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, N ni Marekani. Kijana wa jirani yangu ana ruhusa ya kurusha ndege za N. Kazi anayoitafuta iko kwenye ndege za 5H.

Mwenye leseni ya nje hufikia ndege za 5H kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuidhinishiwa leseni yake ya kigeni kwa muda. Hati hiyo hupumua kwa pua ya leseni ya awali: ile ikifa, nayo imekufa. Inawafaa zaidi wageni wanaokuja kwa mkataba. Njia ya pili, inayomfaa Mtanzania, ni kuibadilisha ile leseni apewe ya Tanzania. Hapo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, itataka kuthibitishiwa na nchi iliyotoa leseni kwamba ni halali. Itataka cheti cha daktari, itakagua daftari lake la saa za kuruka, itampa mtihani wa sheria za anga za hapa, na mkaguzi atapanda naye ndege aone anavyoruka. Kila hatua ina ada yake, na ile ndege ya kujaribiwa inakodiwa kwa saa. Jirani yangu hakuwa amebakiza hata shilingi ya kazi hiyo.

Na kijana alikuwa na mkosi mwingine. Ili kuokoa fedha, aliacha somo la kuruka kwa kutegemea vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma saa zilizo mbele yako wakati mawingu yamekuziba macho. Marekani humpa mtu leseni ya biashara bila somo hilo, lakini huiwekea kikomo: asibebe abiria wa kulipa usiku, wala asivuke maili 50 za anga, kama kilomita 93. Kwa kipimo hicho unafika Zanzibar lakini Morogoro hufiki. Mwajiri gani atamchukua, na masika yetu mnayajua?

Kisha kuna suala la muda. Kadi ya Marekani haina tarehe ya mwisho, na baba yake hunionyesha jambo hilo kwa fahari kila tukikutana. Kweli haina. Lakini mwenye kadi hawezi kuitumia bila kupitiwa na mwalimu kila miezi 24 na bila cheti cha afya kilicho hai. Akitaka kubeba abiria, awe amepaa na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita. Rubani anayekaa nyumbani akingoja barua anachakaa kama gari lililoegeshwa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, uchaguzi wa shule uanzie mwisho urudi mwanzo. Makao ya TCAA yako Banana, Ukonga. Kutoka Temeke au hata Tegeta, safari hiyo ni ya nauli ya daladala tu. Nenda na jina la shule na jina la kozi, uulize kitengo cha leseni: mtoto akirudi na leseni ya nchi hii, atatakiwa kufanya nini, kwa saa ngapi, kwa ada gani? Omba jibu kwa maandishi. Uliza pia habari za majirani zetu, kwani nchi za Jumuiya ya sasa zina wakala wao wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, na moja ya kazi zake ni kuzifanya kanuni za nchi hizi zifanane. Mtu anaweza kukimbilia Marekani kumbe njia fupi ilikuwa Nairobi.

Cha pili ni daktari, naye aje kabla ya karo. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka. Wengi hudhani miwani humkatalia mtu urubani. La, ilimradi kwa miwani hiyo aone vizuri. Kinachowaangusha vijana wasiotarajia ni macho yasiyotofautisha rangi, kwa mfano nyekundu na kijani. Mtu anaweza kufika miaka 20 bila kujua kuwa ana hali hiyo. Ni heri kuambiwa Dar es Salaam kiwanja kikiwa bado chako.

Kuhusu saa, kipimo cha ICAO kwa leseni ya biashara ni saa 200 za kuruka, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Marekani hudai 250 kwa njia ya kawaida, au 190 katika shule zilizoidhinishwa kwa mtaala maalumu. Shule ikitangaza bei, uliza bei hiyo ni ya saa ngapi, kwa sababu mwanafunzi wa kawaida huzidisha, na kila saa ya ziada ni dola. Uliza shule ina ndege ngapi zinazoruka leo, zisiwe zile zilizo kwenye picha, na walimu wangapi. Uliza hali ya hewa pia. Anayesoma Uingereza wakati wa baridi anaweza kukaa wiki nzima akitazama mawingu huku kodi ya chumba inakwenda. Na anayekwenda Marekani ajue kwamba tangu mashambulizi ya Septemba 2001 wageni huchunguzwa na serikali kabla ya kuanza mafunzo.

Usilipe karo yote kwa mkupuo. Februari 2008 shule kubwa ya helikopta ya Marekani, Silver State Helicopters, ilifunga milango ghafla na kufilisika, ikawaacha wanafunzi zaidi ya 2,000 katikati ya masomo, wengi wao wakiwa na mikopo ya maelfu ya dola. Hao walikuwa nyumbani kwao, na mahakama zao. Mtoto wa Mbagala angemlilia nani? Lipa kwa hatua, na uweke kando fungu la kubadilishia leseni ambalo halitaguswa hata kwa nauli ya kurudi.

Kijana wetu hajakata tamaa. Maombi ya uthibitisho yamekwenda Oklahoma City, iliko ofisi ya Marekani inayotunza kumbukumbu za marubani. Cheti cha daktari amekipata upya, na baba yake ameanza kuulizia Nairobi bei ya somo lile la vyombo. Kuna ndege za Cessna Caravan, za injini moja, zinazobeba watalii kwenda Serengeti na visiwani, na huko ndiko marubani wetu wengi wachanga huanzia. Jana mzee alikuja kwangu kuazima kalamu na karatasi. Anaandika orodha ya maswali ya kwenda nayo Banana, kwa sababu mdogo wake yule kijana naye ameshasema anataka kuruka.