Miguu ya Handakini

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kusafisha vidonda vya miguu: wagonjwa wa kisukari, mafundi waliokanyaga misumari, wazee walioanza kwa mganga wakachelewa kuja kwetu. Ndiyo maana nilipofika Diksmuide, Ubelgiji, kwenye handaki la Vita Kuu ya Kwanza lililohifadhiwa kando ya mto Yser, wenzangu walichungulia matundu ya kulengea bunduki, mimi nikatazama chini, pale askari walipokanyaga.

Majeshi ya Ulaya yaliingia vitani Agosti 1914 na vikosi vya farasi, Wafaransa wakiwa bado na suruali nyekundu. Lakini viwanda vilikuwa vimeshabadili mambo. Bunduki ya Maxim, iliyobuniwa mwaka 1884, ilimwaga risasi zaidi ya 500 kwa dakika. Seng'enge, iliyoenea Marekani kwa kuzuia ng'ombe, sasa ilizuia watu. Mizinga iliua kutoka kilomita kadhaa, na mpigaji hakumwona anayemuua. Mbele ya vitu hivyo utafanya nini kama si kushika sepetu na kuchimba? Mwaka haujaisha, mahandaki yalikuwa yametanda kutoka pwani ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi, kama kilomita 700.

Na huku Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, ukichimba kidogo tu, unakutana na maji. Hapo Yser Wabelgiji wenyewe walifungua milango ya maji Oktoba 1914, wakagharikisha mashamba yao ili Mjerumani asipite. Kuta zikapandishwa kwa magunia ya udongo. Yaliyopo leo yamejazwa saruji. Niliweka kiganja juu ya mojawapo, limelegea kwa umbo kama gunia la kweli, lakini ni jiwe tupu.

Askari alisimama humo siku kadhaa bila kuvua buti. Mguu hauhitaji barafu ili ufe. Baridi kiasi, unyevu na kusimama vinatosha: mishipa inasinyaa, damu haifiki vidoleni, ganzi inaingia, na mwenyewe anadhani maumivu yamekwisha. Balaa huja mguu ukipata joto. Unavimba, unawaka moto, malengelenge yanatoka, na ukipuuzwa nyama inageuka nyeusi. Harufu yake naijua. Majira ya baridi ya 1914 hadi 1915, Waingereza waliotibiwa maradhi hayo walifika kama 20,000.

Chawa nao walijaa kwenye mishono ya nguo, wakaeneza homa. Aprili 1915, karibu na Ypres, ikaja gesi ya klorini. Na siku ya kutoka handakini ilikuwa mbaya kuliko ya kukaa. Tarehe 1 Julai 1916, kule Somme, Ufaransa, baada ya wiki nzima ya mizinga, Waingereza walikuta seng'enge nyingi hazijakatika na Wajerumani wangali hai katika mashimo yao marefu. Siku hiyo moja walikufa Waingereza 19,240.

Kuna majeraha mengine hayafungwi bendeji. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona baada ya makombora kulipuka karibu nao. Linaniuma hili: Uingereza iliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama utoro na woga, ikawasamehe mwaka 2006. Wangapi kati yao walistahili kitanda cha wodi badala ya nguzo ya kufungiwa?

Kwa miguu, angalau, jeshi lilijifunza. Zikaletwa soksi kavu na mafuta ya nyangumi, maofisa wakaamriwa kukagua miguu, na askari wakapangwa wawili wawili, kila mmoja amtunze mwenzake. Nikiwa pale nilimwona akilini: kijana ameketi juu ya ubao uliolowa, bunduki kaiegemeza ukutani, kisigino cha mwenziwe kipo pajani mwake, anapaka mafuta taratibu katikati ya vidole. Nami huanzia hapohapo, katikati ya vidole.