Balbu Zilizookoa Umeme, Nani Atazizika?

Nyuma ya nyumba za walimu katika shule moja ya bweni niliyopata kuitembelea pana shimo la taka. Halina ua wala kifuniko. Jioni mtumishi huwasha moto humo, na moshi wake hupita kwenye madirisha ya bweni kabla haujapotelea angani. Nilichungulia shimoni kwa udadisi tu. Katikati ya majani ya chai, karatasi za mitihani na pakiti za maziwa, niliona mirija myeupe ya kioo iliyopindwapindwa mithili ya nyoka aliyejikunja: balbu za kuokoa umeme zilizokwisha kazi, chache zikiwa nzima, nyingi zimepondeka. Nilimwuliza mwalimu aliyekuwa mwenyeji wangu kama anajua kilichomo ndani ya mirija ile. "Ni hewa tu," akanijibu.

Simlaumu, kwa maana hakuna aliyemwambia vinginevyo. Balbu hizi zilipokewa kwa shangwe, zikatutumikia vyema, na sasa zinatuaga kimyakimya. Itakumbukwa kwamba mwaka 2009 ukame uliyapunguza mno maji katika mabwawa ya Mto Tana, hata umeme ukawa unagawanywa kwa zamu. Nasi Wakenya tuna mazoea ya kuwasha taa zote kwa wakati mmoja, giza linapoingia, na saa hizo ndizo mitambo huelemewa zaidi. Basi mwaka 2010 zikagawanywa bure balbu milioni 1.25 za kuokoa umeme. Mwenye nyumba alitoa balbu yake ya kale ya waya, akapewa mpya. Waliopanga jambo hilo walijua kwamba ni nafuu kuipunguza kiu ya jioni kuliko kujenga mtambo mwingine wa kuituliza.

Siri ya nafuu hiyo ni ipi? Balbu ya kale huangaza kwa kuupasha moto uzi mwembamba wa madini ya tangsteni hadi ukawaka. Katika umeme inaoula, sehemu isiyozidi kumi kwa mia ndiyo igeukayo mwanga. Iliyobaki huwa joto, kama ajuavyo kila mtu aliyepata kuunguza vidole akijaribu kuifungua. Balbu ya kuokoa umeme haina uzi wa namna hiyo mwangani mwake. Ndani ya mrija wake mna gesi kidogo na chembe ya zebaki. Umeme unapopita, mvuke wa zebaki hutoa miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo huupiga unga mweupe uliopakwa upande wa ndani wa kioo, nao unga ndio unaotoa mwanga tunaosomea. Weupe ule basi si rangi ya urembo. Ndio taa yenyewe.

Hebu mwanafunzi achukue kalamu. Balbu ya waya ya wati 60 ikiwashwa saa 5 kila usiku kwa siku 30 hula uniti 9 za umeme. Balbu ya kuokoa umeme ya wati 15, yenye mwanga unaokaribiana na huo, hula uniti 2 na robo. Balbu ya LED ya wati 9, ambayo ndiyo inayotamba madukani leo, hula uniti 1.35. Nyumba yenye taa nne itatumia uniti 36 kwa aina ya kwanza, 9 kwa ya pili na 5.4 kwa ya tatu. Bei ya uniti moja aitafute mwenyewe katika risiti ya tokeni ya nyumbani kwao. Lakini kabla hajafika huko, na aitazame tofauti: hatua ya kwanza iliokoa uniti 27 kwa mwezi, ilhali ya pili inaongeza 3.6 tu.

Nimeitaja tofauti hiyo kwa sababu siku hizi nasikia shauri kwamba kila aliye na balbu za kuokoa umeme azing'oe zote leo na kuzitupa, aweke za LED. Mimi siafiki. Balbu nzima, iliyofungwa vyema darini, haivuji kitu, na uniti chache itakazopoteza hazistahili kuifukuza kabla ya wakati wake. Iacheni imalize umri. Ila ile iliyo katika taa ya mezani, au iliyoning'inia mahali ambapo mpira wa watoto unaweza kuifikia, hiyo iondolewe mapema kwa mkono wa mtu mzima, akiishika kwenye kitako chake cha plastiki na wala si kwenye mrija.

Umri wenyewe ulikuwa chanzo cha manung'uniko mengi. Paketi iliahidi saa 6,000 au zaidi, mwenye nyumba akaona balbu imekufa kabla ya mwaka kwisha. Mara nyingine ilikuwa bidhaa duni, hilo halina ubishi. Lakini aghalabu tulizitesa wenyewe. Balbu hii huchakaa kila inapowashwa. Kuiweka msalani, ambako huwashwa na kuzimwa mara ishirini kwa siku, ni kuichimbia kaburi. Halikadhalika haipendi kufungiwa ndani ya kitufe cha kioo kisichopitisha hewa, kwa kuwa joto huua kile kifaa kidogo cha kielektroniki kilichomo kitakoni mwake. Mahali pake palikuwa sebuleni na barazani, inapowaka mfululizo kwa saa nyingi.

Na inapokufa, au inapoponyoka mkononi ikavunjika sakafuni? Hapa ndipo penye ujinga wetu mkubwa, nami nilikuwamo. Mkono wa kwanza hukimbilia ufagio, nao ufagio huipeperusha ile zebaki pamoja na unga hewani. Yafaa kwanza watoto watolewe chumbani, madirisha na milango ifunguliwe, na watu wakae nje walau dakika kumi. Kisha vipande vikusanywe kwa karatasi ngumu, unga uliobaki uokotwe kwa utepe wenye gundi au kitambaa kibichi, na vyote hivyo, pamoja na kitambaa chenyewe, vitiwe katika chupa yenye kifuniko kinachokaza. Mikono ioshwe. Visitupwe jikoni, visichomwe moto.

Sipendi kumtia mtu hofu isiyo na msingi. Zebaki iliyo katika balbu moja kwa kawaida haizidi miligramu 5, ilhali kipimajoto cha kale cha hospitali kilikuwa na takriban miligramu 500. Balbu moja ikivunjika na chumba kikapitishwa hewa, hakuna msiba. Shaka yangu ni wingi. Zile milioni 1.25 za mwaka 2010, tukichukulia kila moja ilibeba miligramu 5, zilikuwa na kilo 6 na robo za zebaki, na hatujahesabu zilizonunuliwa madukani kabla na baada. Nyingi ya hizo zimekwisha kufa. Zimelala wapi, kama si katika mashimo kama lile nililolichungulia? Moto wa shimoni huigeuza zebaki kuwa mvuke, mvuke hushuka na mvua, na katika matope ya mito na maziwa vijidudu huibadili kuwa sumu inayojikusanya ndani ya samaki. Wajapani wa mji wa Minamata waliyajua hayo kwa gharama kubwa. Kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba yao, wakala samaki, na mwaka 1956 ukatangazwa rasmi ugonjwa uliowapooza viungo na kuwalemaza watoto wakiwa tumboni.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulipewa jina la mji huo. Machi 2022, nchi wanachama zilipokutana Bali, zilikubaliana kwamba utengenezaji na uuzaji nje wa balbu za kuokoa umeme za kawaida, zile za kufunga moja kwa moja kwenye soketi, ukome mwaka 2025. Mwaka 2023 zikaongeza tyubu ndefu za madarasani, ambazo mwisho wake ni 2026 na 2027. Nchi za Afrika ndizo zilizoshika bendera katika shauri hilo, zikihofia kugeuzwa jaa la taa zilizokataliwa kwingineko. Nazisifu kwa hilo. Lakini kufunga mlango wa kuingilia hakusemi lolote juu ya wageni waliokwisha kuingia.

Hapa kwetu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtwika mtengenezaji na mwagizaji wa bidhaa jukumu la kile bidhaa hiyo inachokiacha ikiisha. Ni maandishi mazuri. Wenye kukusanya taka za kielektroniki wapo Nairobi, lakini mwalimu aliye Lodwar au Wajir atasafiri na balbu tatu zilizokufa hadi jijini? Duka lililoiuza balbu, au lile linalouza mrithi wake wa LED, ndilo lingeipokea maiti, kama maduka yalivyozoea kupokea chupa tupu za soda. LED nazo, ingawa hazina zebaki, zina vikorokoro vya kielektroniki ambavyo vitahitaji kaburi lao miaka michache ijayo.

Nilimshauri mwenyeji wangu aombe kopo la rangi lenye kifuniko, aliweke ndani ya stoo ya maabara, balbu na tyubu zote zinazokufa shuleni zipelekwe huko badala ya shimoni. Alikubali siku iyo hiyo. Nami nyumbani ninalo langu, juu ya kabati, lina balbu saba. Nimeuliza katika maduka mawili kama wanaweza kuzipokea. Mmoja alicheka, wa pili aliniuliza ninataka kuziuza kwa bei gani.