Ugonjwa ya akili nyumbani: mufanyakazi asibebe peke yake

Mu cité zetu za Kolwezi na Likasi, habari inatembea mbio. Bibi ya mwenzetu halale usiku, anasema peke yake, anazani majirani wanataka kumuua. Palepale watu wanasema: wamemuroga. Wengine wanasema bwana ndiye ametoa akili ya bibi kusudi apate feza. Bwana anasikia haya, ananyamaza.

Sisi madelege ya sendika tunamuona wakati mambo imefika ku kazi. Anakuja na macho nyekundu, amelala saa mbili tu, na anapashwa kuendesha mashini kubwa. Ao anakosa siku tatu, shefu anaandika: hakuna sababu. Nyumbani binti mukubwa ameacha masomo ili alinde mama na apike. Mugonjwa ni mumoja, lakini wenye kukonda ni watano.

Wandugu, ugonjwa ya akili nayo ni ugonjwa. Code du travail ya mwaka 2002 inalazimisha patroni kutunza mufanyakazi pamoja na familia yake wakati wa ugonjwa. Basi enda kwa munganga wa kampuni, uombe karatasi ya kumutuma mugonjwa kwa wenye kujua kazi hiyo. Ku Lubumbashi kuko Centre neuropsychiatrique Docteur Joseph Guislain, ya Mafrère wa Charité. Kutoka Kolwezi ni karibu kilometa 300, kwa hiyo ujue mbele nani atalipa safari na nani atabaki na watoto. Kopi ya kila karatasi uipe delege mbele ya kukosa kazi, hapana nyuma. Pale tutaweza kukuombea poste ya muchana.

Wakreseri hawana patroni. Kwao ni likelemba na familia ndiyo ya kusaidia, na afazali kuomba mapema, mbele deni haijakuwa nyingi.

Mugonjwa akipata nafuu, asikate dawa bila munganga. Wengi wanarudilia ugonjwa vile. Mwili ukikakamaa ao ukitetemeka, murudishe, pengine dawa itabadilishwa. Kuomba Mungu si vibaya, lakini kumufunga minyororo na kumunyima chakula ku chumba cha maombi hakuponyeshe mutu. Akisema anataka kufa, musimuache peke yake, muondoe kamba na sumu ya panya, na mumufikishe ku lopitali siku ileile.

Watoto nao wanapashwa kuambiwa kweli: mama ni mugonjwa, si kosa yenu. Mashemeji, nyanya na jirani mwema wapange zamu ya kulinda, sawa vile tunapanga ekipe ku mine, ili binti arudie masomo na baba alale mbele ya kushuka. Mambo ni ileile kama mugonjwa ni bwana. Bamama, musifiche pia.

Delege hawezi kutetea shida hajaambiwa. Mukuje, tutaongea mulango ukifungwa.